Nani Anauliza, Nani Anajibiwa: Historia ya Kuichunguza Mitaa ya Lubumbashi

Mara ya mwisho watu wote wa nchi hii ya Kongo kuhesabiwa nyumba kwa nyumba ilikuwa Julai 1984, zama za Mobutu, nchi ikiitwa Zaire na Katanga ikiitwa Shaba. Mtoto aliyezaliwa wiki ile katika mitaa ya Katuba au Kenya hapa Lubumbashi amevuka miaka arobaini, na tangu hapo hakuna karani wa sensa aliyebisha hodi mlangoni kwake. Tunaposikia redioni kwamba Lubumbashi ina watu milioni mbili na zaidi, tunasikia makadirio: hesabu ya 1984 iliyokuzwa mwaka hadi mwaka kwa kalamu, ikichanganywa na madaftari ya komini na orodha za wapigakura.

Hata hivyo, ni vigumu kutaja mji mwingine wa Afrika ya kati uliochunguzwa kwa karibu kama huu. Tangu 1910 kuna mtu anapita katika mitaa yake akiwa na karatasi na kalamu. Vimehesabiwa vyumba na vitanda, umepimwa unga wa bukari, zimeandikwa faranga za mshahara na za deni, na katika miaka yetu umepimwa hata mkojo wa watoto. Nimesoma sehemu kubwa ya kazi hizo, na kila mara swali linalonirudia ni lile lile: nani aliuliza, na jibu lilimfikia nani?

Mji ulipoanzishwa kwa jina la Élisabethville mwaka 1910, reli ilikuwa imefika kutoka Rhodesia, na mwaka uliofuata tanuru la Union Minière du Haut-Katanga likaanza kuyeyusha shaba kando ya mto Lubumbashi. Barabara zilichorwa kwa rula, zikikatana kama mistari ya daftari la hesabu. Uchunguzi wa kwanza ulioupa mji umbo lake ulikuwa wa madaktari. Malaria iliwatesa wazungu, na sayansi ya wakati ule ilifundisha kwamba mbu huruka umbali fulani tu akitoka alikopata vimelea. Kwa hiyo ikapimwa nafasi tupu ya mamia ya mita kati ya mji wa wazungu na makazi ya Waafrika, ikaitwa eneo lisilo la upande wowote. Cité ya Waafrika ikasogezwa mbali kwa kipimo hicho, na kuanzia 1921 watu wakaanza kujengewa mtaa mpya, cité Albert, ambao leo tunaujua kwa jina la Kamalondo. Kenya ikafuata mwishoni mwa miaka hiyo ya 1920. Anayetembea leo kutoka katikati ya mji kwenda Kamalondo anavuka kipimo cha mbu bila kujua.

Ndani ya kambi za kampuni, upimaji ulikwenda mbali zaidi. Mwaka 1923 madaktari Pearson na Mouchet walichapisha kitabu kizima kuhusu usafi wa kambi za wafanyakazi katika Afrika ya joto, wakiandika kwa uzoefu wa Katanga: upana wa nyumba, mahali pa choo, maji, uzito wa posho. Haki itendeke: vifo vya wafanyakazi, vilivyokuwa vya kutisha katika miaka ya 1910, vilipungua sana kufikia miaka ya 1930, na upimaji ule una sehemu yake katika jambo hilo. Lakini aliyepimwa hakuulizwa lolote. Kampuni, ambayo watu waliiita Changa-Changa, ilipoamua mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwaweka wafanyakazi pamoja na wake zao badala ya kuleta vijana wa mkataba wa muda mfupi, ilianza kuandika kila kitu: namba ya mfanyakazi, mke, watoto, uzito wa mtoto mchanga kliniki, kazi alizofanya, makosa aliyotenda. Daktari Léopold Mottoulle ndiye aliyeisimamia siasa hiyo ya kijamii kwa miaka mingi. Kadi zile zilikuwa chombo cha kutawala nyumba ya mtu hadi jikoni.

Miaka mingi baadaye kadi hizo hizo zilipata msomaji mwingine. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alizitumia kumbukumbu za kampuni pamoja na masimulizi ya wazee na watoto wao, akaandika historia ya familia ya mfanyakazi wa Katanga kuanzia 1910 hadi 1997. Kile kilichokusanywa ili kumwamuru baba kikawa ushahidi wa jinsi baba huyo alivyopewa mamlaka na kampuni, kisha akanyang'anywa na kampuni hiyo hiyo ilipoanguka. Kwangu hiki ni kisa kikubwa katika historia yote hii, maana kinaonyesha kwamba data haina uaminifu kwa aliyeikusanya. Ikihifadhiwa vizuri, mjukuu anaweza kuisoma kwa macho yake mwenyewe.

Nje ya kambi, watu wa kujitegemea walikuwa na utawala mwingine. Amri ya 1931 ilianzisha senta zilizoitwa za nje ya mila, yaani makazi ya Waafrika wa mjini wasio chini ya chifu wa kijiji, na Élisabethville ikapata yake mwaka 1932. Kila mkazi aliandikishwa: alikotoka, mwajiri wake, wanaolala kwake. Kisha ikaja Desemba 1941. Wafanyakazi wa Union Minière waligoma kwa ajili ya mishahara, na askari wakaufyatulia risasi umati uliokusanyika katika uwanja wa mpira. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, utawala na makampuni walitambua kwamba wanawajua watu wao kwa namba tu. Mwaka 1946 kikaanzishwa hapa hapa mjini kituo cha kuchunguza matatizo ya kijamii ya wenyeji, kilichojulikana kwa herufi za CEPSI, na jarida lake likawa ghala kubwa la takwimu za mitaa ya Katanga. Afisa Ferdinand Grévisse aliandika humo utafiti mkubwa kuhusu senta ya Élisabethville, uliotoka mwaka 1951.

Grévisse hakuishia kwenye maandishi. Jina lake limebaki katika mfumo wa ujenzi uliotumika Katuba. Mkazi alipewa kiwanja, mkopo wa vifaa na ushauri wa fundi, kisha akajijengea nyumba yake kwa nguvu zake na za ndugu zake, akilipa kidogo kidogo. Mfumo huo ulitegemea kujua kwa hakika mshahara wa mtu, ukubwa wa familia yake, na kiasi anachoweza kuweka kando mwisho wa mwezi bila kulala njaa. Katuba ikakua haraka kuliko mtaa wowote. Ruashi, kwa upande wake, ilijengwa na Ofisi ya Cités za Kiafrika iliyoundwa mwaka 1952: nyumba zilisimama tayari, mkazi akaingia. Mpaka leo ukizunguka mitaa hiyo miwili unaona tofauti. Katuba kila ua una mkono wa mwenyewe. Ruashi ya zamani inaonyesha mkono wa ofisi.

Katuba ndiyo pia iliyopata uchunguzi wa kina kuliko wote wa zama zile. Chuo Kikuu cha Liège kilituma timu ya wataalamu wa fani mbalimbali Haut-Katanga katika nusu ya pili ya miaka ya 1950, na Paul Minon akachapisha mwaka 1960 utafiti wa kitakwimu wa mtaa huo peke yake. Muda mfupi baadaye CEPSI ilitoa kazi ya J. Benoît juu ya idadi ya Waafrika wa Élisabethville mwishoni mwa 1957: umri wao, mienendo yao, na jinsi watakavyoongezeka. Utabiri ule ulichapishwa nchi ikiwa tayari huru, Katanga ikiwa imejitenga, na waliopangiwa mji kwa takwimu zile wakiwa wanaukimbia au wanaukimbilia.

Kuna jambo la uchungu ambalo mwandishi wa historia hii hana haki ya kulipita kimya. Karibu kila fomu ya wakati ule ilikuwa na safu ya kabila. Desemba 1957 ulifanyika uchaguzi wa kwanza wa komini mjini, na katika komini nne za Waafrika, yaani Albert, Kenya, Katuba na Ruashi, hakuna hata bugumesta mmoja aliyekuwa na asili ya Katanga. Mwaka uliofuata kikazaliwa chama cha CONAKAT, na hoja ya nani mwenyeji na nani mgeni ikawa siasa. Miaka ya 1992 na 1993 hoja hiyo ilirudi kwa ukatili mkubwa: Wakasai, yaani watu wenye asili ya mkoa wa Kasai, walifukuzwa katika miji ya Katanga, wengine wakafia katika vituo vya reli wakisubiri treni. Siwezi kusema fomu ziliwaua watu. Nasema kwamba ukimuuliza mtu kila mara kabila lake kabla ya kumuuliza kama ana maji, unamfundisha yeye na jirani yake lipi la maana. Mpaka leo, mtafiti anayebeba dodoso la safu hiyo Lubumbashi anapaswa kujua amebeba nini.

Kadi na majedwali hayakuwa njia pekee ya kuujua mji. Mwaka 1965 chama cha waliokuwa wafanyakazi wa majumbani mwa wazungu kilitoa kijitabu kilichopigwa taipu, kazi ya André Yav, kiitwacho Vocabulaire de ville de Elisabethville. Kimeandikwa kwa Kiswahili cha hapa, kile tunachozungumza uani na sokoni, na kinaeleza mji ulivyoanza, mabwana walioutawala, majina waliyobandikwa na wapishi na maboi wao, na mshahara uliolipwa kwa kazi ipi. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikichapisha kwa wasomaji wa dunia mwaka 1990. Kwa maoni yangu huo ndio uchunguzi wa kwanza wa Lubumbashi ambamo waliokuwa wakiandikwa waliandika wao wenyewe. Hauna jedwali hata moja, lakini umejaa taarifa ambazo hakuna afisa angezipata, kwa sababu boi alisikia mezani mambo ambayo karani wa senta hakuwahi kuambiwa.

Miaka ya Zaire nitaipita kwa haraka. Mwaka 1975 Ofisi ya Mipango Miji ya Kinshasa ilitoa utafiti wa Joseph Houyoux na Yves Lecoanet juu ya Lubumbashi: watu, bajeti za nyumba, na ardhi yenyewe. Ulikusudiwa kuwa msingi wa ramani ya maendeleo ya mji. Shaba ilikuwa imeanza kuporomoka bei wakati huo huo, na fedha za kutekeleza ramani hazikuonekana. Baada ya sensa ya 1984, wanajiografia Jean-Claude Bruneau na Marc Pain walisimamia Atlas de Lubumbashi, iliyochapishwa Nanterre, Ufaransa, mwaka 1990. Ni kitabu kizuri sana. Mwaka huo huo mgodi wa Kamoto kule Kolwezi uliporomoka, Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi ya Union Minière, ikaanza kufa, na mji uliochorwa ndani ya atlasi ukageuka mwingine ndani ya miaka mitatu.

Ndipo tunafika mahali ambapo historia hii inabadilika. Karibu na mwaka 2000, kwa msaada wa ushirikiano wa vyuo vikuu vya Ubelgiji, Chuo Kikuu cha Lubumbashi kilianzisha kituo cha kufuatilia mabadiliko ya mji, Observatoire du Changement Urbain. Fikiria hali ya wakati ule. Gécamines ilikaa miezi mingi bila kulipa. Mwalimu wa serikali alilipwa na wazazi wa wanafunzi. Mama aliyekuwa akipokea posho ya kampuni sasa alikuwa akiuza makaa kwa kopo na mafuta kwa kikombe mbele ya nyumba. Takwimu zote za zamani zilitegemea mshahara, na mshahara haukuwepo tena. Ukimuuliza mtu kipato chake kwa mwezi alibaki akikutazama, maana alikuwa hajui atakula nini jioni.

Watafiti wa kituo hicho, walimu na wanafunzi waliokuwa wakikaa katika mitaa hiyo hiyo na wakiishi kwa taabu ile ile, walibadilisha namna ya kuuliza. Walirudi nyumba ile ile mara kadhaa. Waliuliza nini kimeingia leo na kimetoka kwa nani, nani amelala hapa ambaye si wa hapa, nani amekwenda kwa mjomba kwa sababu chakula hakitoshi, mlo umekuwa mmoja au miwili. Mwanaanthropolojia Pierre Petit alisimamia kitabu kuhusu familia za Lubumbashi kilichotoka mwaka 2003, na kingine mwaka uliofuata kiitwacho Byakula, juu ya ulaji wa mji huu. Kutoka humo inaonekana nyumba ambayo mke ndiye mlishaji ingawa mume bado anaitwa mkuu wa familia kwenye fomu; ambamo ndugu ni benki, na ndiye pia mzigo; ambamo watu wanajua kwa hakika bei ya kila kitu na hawana uhakika wa faranga yoyote. Kituo kilichunguza pia usumbufu ambao raia anaupata mikononi mwa wenye sare na wenye mihuri, jambo ambalo hakuna serikali iliyowahi kulitia katika dodoso lake.

Mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliachishwa kazi kwa mpango ulioitwa wa hiari, kwa fedha za Benki ya Dunia. Aliyesoma kazi za kituo angeweza kukisia yatakayofuata: fedha ya mkupuo inayoingia katika nyumba yenye madeni ya miezi na ndugu wengi wanaongoja haikai. Wengi waliipokea, wakalipa walichodaiwa, wakabaki mikono mitupu. Maarifa yalikuwepo, umbali wa kilomita chache kutoka ofisi zilizotia saini. Hilo linanikera mpaka leo.

Uchunguzi mwingine ninaotaka kuuzungumzia ulitoka kwa madaktari tena, lakini safari hii walikuwemo na wa hapa. Dokta Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na Benoit Nemery wa Leuven na wenzao, walikusanya mkojo wa watu 351 wa kusini mwa Katanga, wengine wakikaa jirani na migodi na viwanda vya madini, wengine mbali. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Kobalti iliyokutwa ndani ya miili ya walio karibu na viwanda ilikuwa ya juu kuliko iliyowahi kuripotiwa popote duniani kwa raia wa kawaida, na watoto walikuwa na zaidi kuliko wakubwa. Kazi zilizofuata zilitafuta njia ambayo madini yanaingilia: unga, mboga, maji, vumbi la sakafuni. Kwa mtoto anayecheza chini, vumbi lina nafasi yake kubwa. Mwaka 2020 timu hiyo, akiwemo daktari Tony Kayembe-Kitenge, ilichapisha utafiti kutoka wodi za uzazi za Lubumbashi ukilinganisha watoto 138 waliozaliwa na kasoro za kimwili zinazoonekana na wengine 108 wasio nazo. Baba kufanya kazi inayohusiana na migodi kuliambatana na hatari kubwa zaidi ya mtoto kuzaliwa na kasoro.

Watu wa mitaa iliyo upande ambao upepo unapeleka moshi walikuwa wameujua ukweli kabla ya maabara. Upepo wetu wa kawaida unatoka kusini mashariki kwenda kaskazini magharibi, na kwa miongo mingi mumbunda, bomba lile kubwa la Gécamines linaloonekana mji mzima, lilimwaga moshi wake upande huo. Mtaa wa Penga Penga umekaa hapo. Udongo wake ulijaa shaba hadi majani yakagoma kuota. Mvua ikaja ikachukua tabaka la juu, ikabaki ardhi nyekundu tupu kati ya nyumba za watu. Bibi wa pale angekueleza kwamba mchicha haukui na kwamba kikohozi cha kiangazi si cha kawaida. Utafiti uliongeza kiasi, jina na ramani, na kwa hivyo vitu vitatu neno la bibi linaweza kuwekwa mbele ya wakili.

Penga Penga ndipo pia uchunguzi ulipogeuka jembe. Mtaalamu wa kilimo Mylor Ngoy Shutcha na wenzake wa Lubumbashi na Gembloux walijaribu kuirudishia ardhi ile nguo yake. Waliweka chokaa na mboji, kisha wakapanda nyasi za asili zinazoota juu ya vilima vya shaba vya Katanga, ambazo zimezoea sumu hiyo tangu kale. Nyasi zilishika. Haziondoi shaba, zinaishikilia chini ili isipeperuke ikaingia sufuriani na kifuani. Jaribio lilikuwa dogo, la viwanja vichache, na linastahili kupanuliwa hadi kila ua wa upande ule wa mji.

Kwa nini halijapanuliwa? Fedha ni sababu moja. Nyingine naiona katika rafu za maktaba ya Kasapa, kampasi ya chuo kikuu chetu. Wakazi waliulizwa kwa Kiswahili na wakajibu kwa Kiswahili, lakini ripoti zikaandikwa kwa Kifaransa, na zile za afya zikatoka kwa Kiingereza katika majarida ya Ulaya. Mkuu wa kartie anayeandika kwa kalamu katika daftari lake waliohamia, waliozaliwa na waliokufa hajapata hata ukurasa mmoja wa kumwonyesha mtaa wake umekutwa na nini. Mama wa Penga Penga aliyetoa mkojo wa mtoto wake angepaswa kuwa wa kwanza kupewa jibu, kwa lugha anayosemea na mtoto huyo, likiwa na maelezo ya la kufanya: kupiga deki kwa maji badala ya kufagia vumbi, kuosha mikono kabla ya bukari, mboga zipi zisilimwe wapi.

Komini Annexe, inayozunguka zile nyingine sita, inapokea kila mwaka nyumba mpya kuelekea Kisanga, Kasungami na Luwowoshi, mahali pengi pasipo bomba la maji wala barabara yenye jina. Hakuna CEPSI wala Minon aliyepita huko. Kuna vijana wenye simu zinazochora ramani, kuna wanafunzi wa chuo wanaokaa huko huko, na kuna madaftari ya wakuu wa kartie. Kazi inaweza kuanza kwa hao, kisima kwa kisima na avenyu kwa avenyu, na matokeo yake yakabandikwa ukutani mwa ofisi ya komini, kwa Kiswahili, kabla hayajapelekwa kwa mfadhili.